Shati la Bwana Loomis

Filadelfia, 28 Agosti 1893

Kwa dada yangu Mahala,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote wa hapo mlimani. Sisi hatujambo. Joto la mji lilituchosha lakini sasa linapungua. Edwin ana kazi nyingi kiwandani kwa baba yake. Wanafuma kitambaa cheusi cha yale makoti ya jioni yasiyo na mikia, ambayo mji mzima sasa unayaita taksido, kwa jina la huko kwenu. Kila mwanamume anataka lake. Samahani kwa kimya changu. Sababu unazijua, sina haja ya kuzirudia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Bwana Ostrander, mwenye nyumba kubwa ya mawe juu ya ziwa, ametualika mwezi wa Oktoba. Edwin amelingojea hilo miaka mingi. Wakimpenda pale mezani, milango yote itafunguka. Siwezi kukataa, na nikikataa ataniuliza kwa nini.

Najua mama anafua na kupiga pasi nguo za nyumba hiyo. Naomba juma hilo abaki nyumbani. Ikitokea tukakutana njiani, asiniite kwa jina, asiniguse, wala asinisemeshe. Anaweza kunitazama kwa mbali kama wengine wanavyotazama wageni. Mahala, sisemi haya kwa ubaya. Huku nimejenga maisha, na neno moja tu linatosha kuyaangusha.

Lingine ni dogo. Edwin anatamani kujua jina la hapo maana yake nini, apate cha kusimulia mezani. Nyanya alikuwa na hadithi yake, nami nimeisahau nusu. Niandikie. Nitasema nimeisoma kitabuni.

Barua ipeleke posta kwa jina langu, nitaichukua mwenyewe dirishani. Isije nyumbani.

Ndugu yako,
Lavinia


Taksido, 12 Septemba 1893

Mdogo wangu Lavinia,

Au niseme Bibi Loomis? Karani wa stesheni aliisoma bahasha yangu mara mbili, akaniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, akauliza, "Wewe unamwandikia nani huko?" Nikamwambia namwandikia tajiri mmoja aliyeacha soksi zake kwetu. Akacheka. Umeona ninavyokutunza.

Sisi wazima. Matunda ya msituni yalikuwa mengi mwaka huu, hata dubu walishiba. Tamari, binti wa mjomba, amefiwa na mumewe na amehamia kwetu. Unakumbuka mlivyokuwa mkichanganywa sauti? Bado. Akicheka jikoni, mama hugeuza shingo haraka, halafu huirudisha taratibu. Nimemwambia Tamari apunguze kucheka.

Sasa mama. Macho yanakwisha. Ukungu umeyafunika yote mawili, na anachobakiwa nacho ni cheupe na cheusi tu. Kazi anaifanya kwa vidole. Bado hakuna mtu Ndani, yaani ndani ya ule uzio wao wa seng'enge, anayeweza kutia wanga kifua cha shati na kukisugua kwa pasi hadi king'ae kama sahani, isipokuwa yeye. Analo ombi moja tu duniani, auone uso wako kabla giza halijamfikia. Miaka tisa, Lavinia. Wewe uliyetoka mweupe kama maziwa katika nyumba ya watu wa rangi ya chai ulishuka kwenye treni huko ukawa Mzungu, na sisi tukanyamaza. Hata yule mama Mreno uliyejitungia, aliyekufa kwa homa, tulimzika kimyakimya. Leo unaomba mama aliye hai naye ajifiche.

Barua yako nilimsomea yote. Sikuruka hata neno. Akasema, "Mwambie nitakaa nyumbani."

Ila nilipofika kwenye lile jina, aliketi wima kama msichana. "Ananiuliza mimi?" akasema. "Andika. Andika vizuri, asije akalikoroga." Basi ni haya, kwa kinywa chake.

Zamani, kabla ya reli, mbwa-mwitu walikuwa wakishuka pale ziwani kuwavizia kulungu wanaokunywa maji. Watu wa nyanya hawakumtaja mnyama huyo kwa jina lake, hasa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, maana ukilitaja atasikia na atakuja. Walimwita mwenye mguu wa duara, kwa zile alama zake kwenye theluji. Na mahali pale wakapaita hivyo, kwake mwenye mguu wa duara. Wazungu walipouliza hapa ni wapi, wakajibiwa, wakaandika walivyosikia. Jina likapanda kwenye ramani, likapanda kwenye kibao cha stesheni. "Sasa naambiwa limepanda mabegani mwa wanaume," mama akasema, akacheka peke yake.

Nilikuwa sijamwona akicheka tangu Pasaka. Kwa hilo nakushukuru, japo hukukusudia.

Mahala


Filadelfia, 25 Septemba 1893

Dada Mahala,

Nimepata barua. Ahsante kwa hadithi, itafaa sana. Tutafika Ijumaa ya tarehe kumi na tatu na kuondoka Jumatatu. Nimeshona gauni la buluu na glavu ndefu za kupita viwiko, kwa hiyo lile kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono halitaonekana.

Habari za macho nimezisikia. Nimefurahi kwamba mama amekubali.

L.


Filadelfia, 23 Oktoba 1893

Mahala,

Sitauliza hali, maana sina hali ya kuuliza. Niliomba jambo moja tu, nawe ukanihakikishia.

Jumamosi tulikaa mezani watu kumi na wanne. Wanaume wote walivaa koti fupi, maana Bwana Ostrander hapendi mikia nyumbani kwake. Tulikula chaza na supu ya kobe. Mazungumzo yalipofika kwenye jina la koti, Edwin aliniangalia, nami nikasimulia. Nilisimulia vizuri, Mahala. Wale wanawake wa Nyuyoki waliweka uma chini. Bwana Ostrander mwenyewe akasema, "Bibi Loomis, nimeishi hapa miaka saba na leo ndiyo kwanza najua ninaishi kwa nani!" Nilimwona Edwin akinyanyua kidevu.

Hapo mzee mmoja mwenye ndevu akaanza ubishi. Akasema yeye alisikia maana yake ni mto uliopinda, na hadithi yangu ni tamu mno kuwa kweli. Bwana Ostrander akasema, "Jambo rahisi. Jikoni hakukosekani mwanamke wa mlimani. Aletwe atuamue." Sikuogopa, maana mama nilijua yuko nyumbani. Mhudumu alifungua mlango wa pembeni, na kumbe hakuhitaji hata kwenda jikoni. Mama alikuwa amesimama palepale nyuma ya mlango, na aproni yake.

Wakamwambia, "Mama, huyu bibi anasema jina la hapa ni la mbwa-mwitu, mwenye mguu wa duara. Ni kweli?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Hakunitazama hata mara moja. Alitazama kifua cha Edwin, akakikazia macho kama mtu anayesoma. Kisha akasema kwa sauti ya juu, "Hapana, bwana. Huyo bibi kadanganywa. Mimi nimezaliwa hapa na sijawahi kusikia. Ni jina tu, halina maana."

Meza nzima ikaangua kicheko. Yule mzee wa ndevu akagonga glasi. "Bibi Loomis, mbwa-mwitu wako amekimbia!" Mwanamke mmoja akaniuliza hicho kitabu nilichosoma kiliandikwa na nani. Edwin alikuwa mwekundu hadi masikioni. Ilibidi niseme kitu, nikasema kwa mzaha kwamba huenda yule mama ameonja mvinyo wa jikoni. Wakacheka tena, afadhali safari hii hawakunicheka mimi.

Edwin hajanisemesha vizuri tangu siku ile. Mwambie mama kwamba kisasi chake kimefika. Alikuwa na neno moja tu la kusema, neno alilokuandikisha yeye mwenyewe, na akaamua kunivunja mbele ya watu.

Lavinia


Taksido, 5 Novemba 1893

Lavinia,

Mimi nitakuuliza hali, kwa sababu nililelewa. Hujambo? Sisi hatujambo kidogo tu. Baridi imeanza, na nyumba inavuja upande wa kitanda cha mama.

Sasa sikiliza, usome polepole.

Mama alikaa nyumbani kama alivyoahidi. Ijumaa alikaa, Jumamosi asubuhi alikaa. Lakini wageni walikuwa wengi, na mashati ya wanaume yalipata unyevu kwenye safari, basi mke wa Ostrander akatuma kapu zima huku mlimani mama ayapige pasi upya. Alikuwa akiyapapasa moja moja kama kawaida yake. Akafika kwenye moja, akasimama. Akapitisha kidole pembeni mwa kifua, pale mwanzo wa kwapa, ambapo yeye huanzia kusugua na dobi mwingine yeyote humalizia. Akalinusa. Nta kidogo ndani ya wanga, kama alivyokufundisha siku ile ulipoungua mkono. Akasema, "Hili kapiga pasi Lavinia."

Kumbe huko kwenye nyumba yako ya vijakazi, shati la mumeo unalipiga pasi mwenyewe! Huwaamini. Ulituacha sote, ukaondoka na mkono wa mama.

Hakulirudia lile shati. Alilikunja lilivyo, akavaa aproni safi, akaniambia, "Nalipeleka. Nitasimama nyuma ya mlango nisikie sauti tu, kisha nitarudi." Ningemzuia? Wewe ungemzuia, najua.

Akasikia. Alikusikia ukiisimulia hadithi yake kwa sauti ya kizungu, na aliniambia hukuikoroga hata kidogo. Ndipo akaitwa. Unadhani alitaka kukuvunja? Lavinia, hata ng'ombe ana akili kuliko hiyo. Nani mwingine duniani anayeijua hadithi ile isipokuwa watu wa nyanya? Angesema ndiyo, swali la pili lingekuwa, "Basi bibi wa Filadelfia na mama dobi wamejifunzaje hadithi moja, neno kwa neno?" Wangeziweka nyuso zenu pamoja kwenye taa. Kidevu chako ni chake. Alimkana mama yake mzazi, nyanya yetu, mbele ya walevi ili wewe umalize supu yako ya kobe.

Na hakukutazama kwa sababu ulimkataza, na kwa sababu hakukuona. Alipofika nyumbani kitu cha kwanza aliniuliza, "Gauni lake lilikuwa la rangi gani?" Pale mezani aliona kifua cha shati kwa vile ni cheupe. Alikitazama akijua pembeni yake ndipo ulipo.

Huo mzaha wako wa mvinyo mke wa Ostrander hakuuchukua kama mzaha. Jumapili asubuhi mama aliambiwa asirudi. Walinzi wa geti wamekwisha kuambiwa pia, kwa hiyo hakuna nyumba Ndani itakayompa hata soksi. Miaka saba ya vifua vya mashati, na ameondoka na jina la mlevi. Hajagusa pombe maisha yake yote, na wewe wajua kwa nini, ulimwona baba.

Mahala


Taksido, 10 Desemba 1893

Lavinia,

Hujajibu. Labda ni posta, theluji imefunga njia kwa siku kadhaa.

Nimekasirika bado, lakini naweka hasira kando kwa barua hii moja. Mama hana kazi ya kumwamsha asubuhi, na kitanda kinammaliza. Macho yamekwisha kabisa, hata cheupe hakioni. Kifua kinambana. Uso wako hatauona tena, hilo limepita. Anachotaka sasa ni kukushika mkono. Anasema kwa mkono atakujua, kwa lile kovu.

Njoo. Vaa shela, shuka stesheni ya kabla ya hapa, Tamari atakupokea na gari la kuni. Hakuna atakayekujua. Siku moja tu. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Dada yako,
Mahala


Filadelfia, 20 Januari 1894

Dada Mahala,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Tulikuwa na wageni Krismasi yote, ndiyo maana nimechelewa. Edwin ameanza kuwa na moyo tena. Bwana Ostrander amemwandikia barua ya mzaha kuhusu mbwa-mwitu, na anasema huenda tukaalikwa tena majira ya joto, kwa hiyo unaweza kuona kwamba hali ni laini sana kwa sasa. Si wakati wa mimi kuonekana kwenye njia ile.

Nimesikitika kuhusu kazi ya mama. Sikujua mzaha ungefika huko.

Nimewatumia sanduku kwa treni. Kuna blanketi mbili, flaneli ya kifua, na nguo za Edwin ambazo hazimtoshi. Koti lake la kwanza la taksido limo pia. Limechanika kwapani lakini kitambaa ni kizuri, huenda likamfaa mtu kanisani.

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Lavinia


Taksido, 18 Februari 1894

Lavinia,

Sanduku limefika. Blanketi tumezipokea, baridi haina kiburi.

Koti la mumeo nililivika mti wa msalaba nikalisimamisha kwenye banda la kuku kufukuza mwewe. Lilipendeza. Mwewe wetu walikuwa wa kwanza katika wilaya hii kufukuzwa na mtu aliyevaa rasmi. Watoto wa jirani walipita wakilisalimia, "Habari za jioni, bwana!"

Siku ya tatu mama akauliza sandukuni kulikuwa na nini kingine. Tamari hajui kudanganya, akamwambia. Mama akasema lile koti aletewe. Nikamwambia limenyewa na kuku. Akasema aletewe hivyohivyo. Sasa analala nalo limemfunika kifuani, mikono ya koti ikimkumbatia, anasema lina harufu ya nyumba yako. Lina harufu ya kuku, lakini mimi ni nani nimwambie.

Anauliza kila asubuhi kama umeandika siku ya kuja. Kila asubuhi nasema posta imechelewa. Nimechoka kuisingizia posta.

Ulisema nimbusu. Sikumbusu kwa niaba yako. Nilimbusu kwa yangu.

Mahala


Filadelfia, 2 Aprili 1894

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi palepale posta, juu ya meza yao, kwa sababu nyumbani siwezi. Barua yako ya Februari nimeisoma mara nyingi hata nikashindwa kula. Nilidhani ningezoea. Niliota lile koti.

Edwin amekwenda Uingereza kwa mambo ya sufu, na hatarudi hadi Juni. Nitakuja. Sijali tena nani ataniona. Mwambie mama nakuja mwishoni mwa mwezi huu, mwambie nitavua glavu, atashika mkono wangu hadi achoke mwenyewe. Nataka kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Nataka kumwita mama, kwa sauti, hata karani wa stesheni asikie.

Niandikie upesi kwamba bado yupo.

Mdogo wako,
Lavinia


Taksido, 11 Aprili 1894

Lavinia,

Yupo. Anakula vizuri kuliko wakati wowote tangu Novemba. Jana alidai mkate wa mahindi na akalalamika kwamba hauna chumvi. Usije.

Usije, kwa sababu umekwisha kuja. Ulikuja Jumapili ya tatu ya Machi.

Mwishoni mwa Februari alikuwa anakwisha. Alikuwa hataki maji, anaita jina lako tu, usiku na mchana, hadi jirani wakaacha kupita. Nilikuwa nimekuomba, ukatuma koti. Tamari alisimama jikoni akisikiliza, akaniambia, "Sauti ninayo. Umri ni mmoja. Ninachokosa ni kovu." Nilidhani anasema tu. Alichukua pasi kutoka jikoni, ile ndogo ya kola, akaiweka juu ya kifundo chake cha kushoto na kuishikilia. Hakupiga kelele, kwa sababu mama angesikia. Mimi ndiye niliyetoka nje kutapika.

Ikabidi tungoje kidonda kikauke. Kila asubuhi tulimwambia mama kwamba umeandika, uko njiani, theluji tu. Akanywa maji ili akungojee. Kisha Jumapili hiyo Tamari akatoka kwa mlango wa nyuma, akavaa viatu vyangu vya kanisani ili hatua zisifanane, akabisha hodi mbele. Mama akapapasa mkono, akafika kwenye kovu. Akalishika. Akasema, "Umekonda." Akalia, Lavinia, nasi sote tukalia. Naapa hapakuwa na uongo katika kile kilio, hata cha Tamari.

Tangu hapo anaye. Usiku analala naye, mchana anamfundisha mambo ambayo hakuwahi kutufundisha mimi na wewe. Tamari mwenyewe amekwenda Nyuyoki kutafuta kazi, ndivyo mama anavyojua. Nyumba nzima inamwita Lavinia, hata mimi, na sasa ulimi umezoea.

Ukija na sauti hiyo na kovu hilo, mama atakuwa na Lavinia wawili, na atajua kwamba mmoja ni uongo. Atauliza maswali. Atajua wiki hizi zote alimkumbatia nani na kwa nini. Hilo litamuua, na safari hii muuaji utakuwa wewe kwa kuja kwako, si kwa kutokuja.

Lakini sitaki useme nilikufungia mlango. Mimi huenda Jumanne kuosha sakafu za kanisa. Ukitaka, njoo Jumanne kama mtu wa mashati. Vaa glavu. Usimwite. Usimguse wala usimsemeshe. Unaweza kumtazama kwa mbali kama wengine wanavyomtazama. Masharti haya unayafahamu, ni mwandiko wako.

Nyanya alikuwa hamtaji mbwa-mwitu kwa jina lake ndani ya nyumba yenye mtoto. Nasi humu hatutakutaja wewe.

Mahala


Filadelfia, 30 Aprili 1894

Dada Mahala,

Natumaini hujambo. Jumanne nilikuja, kama huenda umeambiwa. Nilibeba mashati ya Edwin kwenye kapu. Wewe ulikuwa umekwenda kanisani.

Tamari alifungua. Tulitazamana, na hakuna aliyesema jina la mwenzake. Alinipa kile kiti cha karibu na mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, koti jeusi mabegani, nywele zimesukwa vizuri. Amekuwa mdogo sana. Mdomo wake ulikuwa na makombo ya mkate, nami nilikuwa hatua mbili, na mikono yangu ikakaa mapajani.

Akauliza, "Nani?"

Tamari akasema, "Ni bibi mmoja wa Ndani, mama, kaleta mashati. Ana kidonda cha koo, hawezi kusema."

Mama akafurahi. Akasema alijua watarudi, hawana mtu wa vifua. Akataka mashati yaletwe, Tamari akasema baadaye, na nikaona anavyoogopa vidole vya mama. Basi mama akaanza kunisimulia, kwa adabu, kama anavyozungumza na wenye nyumba. Akasema, "Huyu ni binti yangu wa pili, bibi. Alikuwa mbali. Watu walisema hatarudi, hata dada yake alisema, lakini mimi nilijua. Mtu niliyemfundisha pasi mimi?" Akauvuta mkono wa Tamari, akanionyesha kovu. Akasema, "Siku moja niliulizwa maana ya jina la hapa, nikasema halina maana. Uongo. Lina maana, na huyu sasa anaijua yote." Kisha akamsimulia Tamari mbele yangu habari za mwenye mguu wa duara, na kuna sehemu ya mwisho ambayo sikuwahi kuisikia, kuhusu mwanamke aliyemtaja kwa jina akitaka aje. Siandiki. Si yangu.

Alipomaliza aligeukia upande niliokuwa, akauliza, "Na wewe bibi, unaye mama?"

Nilitikisa kichwa. Ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa. Yeye haoni, akangoja.

Tamari akamjibia. "Anatikisa kichwa, mama. Hana."

"Maskini," mama akasema. "Lavinia, mmiminie mgeni chai."

Akainuka kunimiminia. Niliinywa yote, nikaacha mashati, nikaondoka.

Ni mimi,
Bibi Loomis